Madamu Aliyetufundisha Kuanguka

Shingo yake haikugeuka. Tuanze hapo, maana kila mtu aliyemjua huanzia hapo. Ukimwita kutoka nyuma, "Madamu!", hakugeuza kichwa kama mimi na wewe. Aligeuka mzima mzima, mabega, kiuno na miguu, polepole kama mlango wa nyumba isiyojulikana kama ina mbwa. Akishakuona, alitabasamu. Na tabasamu lile, jamani, lilikuwa la kulipiwa kiingilio! Watoto wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, tulikuwa tunamwita kutoka nyuma kwa makusudi tu, ili tumwone akigeuka. Alijua kabisa tunachofanya, na bado aligeuka kila mara.

Jina lake sitalitaja. Wakubwa waliotoka Bukavu walilijua, na walisema zamani lilikuwa likisikika redioni, lakini kwetu alikuwa Madamu tu, na akiwa hayupo, Madamu wa Kuanguka. Kazi iliyomlisha ilikuwa kushona. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuwafundisha watoto wa wakimbizi kuanguka. Na uhondo uko hapa: mama huyu hakuogopa askari, hakuogopa nyoka, hakumwogopa hata mama yangu, ambaye kambi nzima ilimwogopa. Kitu kimoja tu alikiogopa duniani, nacho ni kuanguka.

Niseme mapema, asije mtu akapotea njiani. Alipokuwa msichana, Madamu alikuwa mcheza jimnastiki wa timu ya taifa, enzi zile nchi yetu ikiitwa Zaire. Alitembea, akaruka, akapinduka juu ya boriti nyembamba ambayo yeye aliiita putre, upana wake kama kiganja cha mkono. Siku moja, mbele ya watu wengi, alianguka akavunjika shingo. Madaktari waliishona shingo wakaifunga, akasimama tena, lakini mmoja wao alimwambia neno ambalo hakuliweka chini tangu siku ile: "Hii shingo sasa ni ya kuazima. Ukianguka tena, hutasimama." Hakusema labda. Kwa hiyo Madamu alitembea kama mtu aliyebeba yai, na yai lenyewe ni yeye.

Kiangazi alitembea na fimbo moja. Masika, fimbo mbili. Udongo wa Dzaleka mnaujua? Mwekundu, ukilowa unateleza kama sabuni ya mche. Mvua ikinyesha, Madamu alikaa ndani mpaka njia ikauke, na kama njia haikukauka, basi alishinda ndani, na sisi tulimpelekea maji, chumvi, habari na umbea. Akivuka mfereji wa upana wa mkono mmoja alisimama kwanza, akaupima, akaomba kimya, ndipo akavuka. Mbuzi walimpita. Vizee vya kutambaa vilimpita vikimpa pole.

Kabaza ndiyo hakutaka hata kuisikia. Kabaza, kwa asiyejua Malawi, ni baiskeli ya abiria: unakaa nyuma kwenye karia, kijana anakanyaga, na wote wawili mnamwachia Mungu. Tulimwambia, "Madamu, kila mtu anapanda, hata bibi wa miaka mingi."

"Mi nilikuwaka natembea juu ya mbao ya upana ya mukono," alijibu, "na bantu balisema niko na wazimu. Ni kweli. Lakini ile kintu? Hata wazimu iko na mwisho."

Mimi na mama tulifika Dzaleka mwaka ule vita vya kwanza vilipoingia Uvira. Nilikuwa nimeota meno mapya ya mbele, makubwa kuliko uso wangu. Kambi ilikuwa bado changa, na sehemu ya majengo yake ilikuwa gereza kabla yetu. Nyuma ya ukuta wa zamani, palipokuwa na kivuli asubuhi, Madamu alitandika magunia ya mgao aliyoyashindilia maganda makavu ya mahindi, akayashona midomo kwa uzi wa viatu. Hayo ndiyo yalikuwa magodoro ya mchezo. Yalinuka panya na yalipiga kelele ukiyagusa, nasi tuliyaona kama kitanda cha rais.

Siku ya kwanza tulikaa mbele yake, watoto wengi, makamasi mengi.

"Nani anataka kuruka?"

Weee! Mikono yote juu, mingine miwili miwili.

"Muzuri sana. Leo haturuke. Leo tunaanguka."

Tukacheka, tukijua ni utani. Haukuwa utani. Tulianguka kiangazi kizima! Tulianguka mbele, nyuma, ubavuni. Tulianguka tukiwa tumesimama, tukikimbia, tukiwa na ndoo kichwani (tupu, asante Mungu). Alisimama pembeni na fimbo yake moja akiimba sheria zile zile: kidevu ndani, mgongo mviringo, mkono usitangulie.

"Mukono ni mujinga," alisema. "Inataka kuokoa kila kintu, halafu njo inavunjika wa kwanza. Kumbatia kifua. Pita na bega. Bingirika."

Na mwisho wa yote, hata ukianguka kama gunia la viazi, ulipaswa kusimama, miguu pamoja, mikono juu, kifua mbele, tabasamu kwa majaji.

"Hata kama umekufa," alisema. "Utakufa nyuma. Kwanza salimia bajuje."

Majaji walikuwa akina mama wa foleni ya bomba. Bomba la maji lilikuwa karibu, foleni ndefu, na Madamu aliwaomba watusaidie kutoa alama, mwisho kumi. Waliipenda kazi hiyo kuliko maji yenyewe; wengine walijaza ndoo wakarudi nyuma ya foleni makusudi. Tulipata saba, tulipata nane, mtoto mnene wa jirani alipata tisa kwa huruma. Isipokuwa Bibi mmoja wa Fizi, mfupi, kilemba cheusi, ambaye kila mtoto alimpa nne. Ungeanguka kama malaika, nne. Ungebingirika mpaka ukamgusa miguu, nne. Siku moja tukamuuliza kwa nini anatuonea.

"Kumi ni ya Mungu," Bibi alisema, akipandisha ndoo kichwani, "na mi siyaona Mungu anaanguka."

Mama yangu aligundua ninachojifunza nilipokuja nyumbani na maganda ya mahindi ndani ya chupi. Ee bwana! Alikwenda kwa Madamu kitenge kimoja kimefungwa, kingine kinaburuzika. Mimi nilikimbia nyuma yake nikijua leo nitaona vita vingine.

"Madamu! Mi nilitembea na huyu mutoto ku mugongo kutoka Uvira, milima na mvua, sikumuangushaka hata siku moja. Hata moja! Sasa we njo unamufundisha kuanguka?"

Madamu alikuwa anashona. Aligeuka mzima mzima, akamwangalia mama yangu kwa heshima kabisa.

"Mama, aksanti kwa ile mugongo," alisema. "Lakini ataanguka siku ile we hauko."

Mama alivuta kitenge chake kilichoburuzika, akakifunga vizuri, akasema ana maharage jikoni. Kesho yake asubuhi alinipa vipande viwili vya kitenge kuukuu nifunge magotini, akaniambia niwahi, nisimcheleweshe Madamu.

Mavuno tuliyaona wenyewe. Watoto wa Dzaleka walianguka kama watoto wote, kutoka miembeni, kutoka mapaa, kutoka juu ya punda wa watu, lakini sasa walianguka kwa elimu. Mtoto mmoja aliteleza kutoka juu ya paa alikokuwa akimsaidia baba yake kuezeka nyasi. Baba alipiga ukelele, mama alipiga ukelele, na alipofika chini mtoto alibingirika, akasimama, akainua mikono, akawatabasamia kuku. Baba yake alishuka ngazi, akamkumbatia, kisha akamchapa kofi moja la furaha.

Mambo mengine ya Madamu hayakulingana, na wala hakujisumbua kuyalinganisha. Alikuwa mvumilivu kwa mtoto asiyejua kushoto na kulia, lakini cherehani yake ikikata uzi aliitukana kwa Kifaransa mpaka majirani Wakristo wakafunga madirisha. Alichukia kusifiwa, ukimwambia gauni hili zuri, anaanza kulifumua. Alituita "mama" na "baba" tukiwa wabaya, lakini akikuita "sheri", yaani mpenzi kwa Kifaransa, kwa sauti laini, ujue umeharibu kupita kiasi, tafuta pa kukimbilia. Chai yake ilikuwa sukari iliyotiwa majani kidogo.

Na kubwa kuliko yote: tulipohitimu kuanguka na kuanza kuruka kweli, kupinduka hewani na kutua, hakutuangalia. Jamani, mwalimu hakuangalia! Mtoto akikimbia, Madamu alisimama wima. Mtoto akiondoka chini, alifumba macho. Aliyafumbua mtoto akishatua. Halafu anakusahihisha, tena kwa haki, kosa hasa ulilofanya.

"Madamu, umeonaje na ulifumba macho?"

"Nilisikia. Miguu yako ilisema pa-pa. Mi nataka pa. Moja. Miguu ikifunguka kule juu, mwili inasahau iko wapi. Rudia."

Hilo ndilo neno tulilolala nalo na kuamka nalo. Pa. Ukitua na sauti moja, miguu ilikuwa pamoja. Ukitua na mbili, rudia. Hata leo nikishuka kitandani huwa nasikiliza.

Sasa niwasimulie ya kanisani, nicheke tena.

Kanisa letu ni la watu wa maombi. Mtumishi akikuwekea mikono, unaweza kuanguka kwa nguvu za Roho, na wapo mashemasi nyuma ya kukudaka na akina mama wenye vitenge vya kukufunika. Ni jambo la heshima. Mwaka ule ulikuja uamsho mkubwa, na mwinjilisti mgeni kutoka Mponela, Mmalawi mwembamba mwenye sauti ya ngoma, na mkalimani wake. Akataka aanze na watoto wa kwaya. Sisi tukapanga mstari mbele. Na nani walikuwa watoto wa kwaya? Ni wale wale wa magunia.

Mwinjilisti akaweka mkono juu ya kichwa cha kwanza, akapaza sauti. Mtoto akaanguka. Lakini alivyoanguka! Kidevu ndani, mikono kifuani, akampita shemasi aliyeinama kumdaka, bega, mgongo, akabingirika, akasimama, miguu pamoja, mikono juu, tabasamu. Mwinjilisti akatazama mkono wake. Akafikiri hajamgusa vizuri. Akamgusa tena kwa nguvu. Mtoto akaanguka tena, safari hii vizuri zaidi. Basi akaenda kwa wa pili. Wa pili akapita njia ile ile mpaka tabasamu. Wa tatu mimi. Nawaapia, sikucheza! Niliguswa kweli, nikalegea kweli, ila mwili wangu ulikuwa umeshajua kazi yake. Nilijikuta nimesimama mikono juu mbele ya kanisa zima, meno yangu yote nje. Mashemasi walikuwa wanakimbia huku na huku kama watu wanaofukuza kuku. Na pale watoto walipokuwa wanaanguka mmoja baada ya mwingine mstari mzima, pa, pa, pa, kanisa likiwa halijui liseme haleluya au likemee, ikasikika kutoka benchi la nyuma sauti ya Bibi wa Fizi:

"Nne!"

Kanisa lilivunjika kwa kicheko. Mwinjilisti alimuuliza mkalimani nne ni nini, mkalimani alikuwa amekaa chini akilia machozi.

Wazee wa kanisa hawakucheka muda mrefu. Walimwita Madamu mbele ya baraza, na habari ilikuwa nzito: kama wakiamua anadhihaki mambo matakatifu, magunia yataondolewa na masomo yatakwisha. Tulijazana nje dirishani, tukikanyagana.

"Unafundisha batoto kuchezea Roho," mzee mmoja alisema.

Madamu alikuwa amesimama kwa fimbo zake mbili, maana ilikuwa imenyesha.

"Mzee, mi sifundishe nani anabasukuma," alisema. "Hiyo ni kazi yenu. Mi nafundisha tu namna ya kufika chini."

Mchungaji wetu alijifunika uso na leso kama anayekohoa. Alikuwa mtu mkubwa, mwili wa kuheshimika, na katika uamsho ule ule alikuwa amerudi nyuma akihubiri mpaka akaishiwa jukwaa, akashuka na kiuno. Alisema baraza limesikia, masomo yaendelee, watoto wakumbushwe kwamba kanisani hakuna majaji. Wiki chache baadaye tulianza kuona magunia yamepasuka midomo bila sisi kuyagusa. Kumbe mchana, watu wakiwa wamelala, Mchungaji alikuwa anakuja kujifunza! Madamu hakumtangaza. Alishona tu magunia upya, kwa uzi mnene zaidi.

Siku redio iliposema Bukavu imeanguka, mwanzo wa vita vya pili, wanawake wa Bukavu walikaa chini wakalia. Madamu alikuwa na dada yake kule. Alisimama mlangoni, akasema peke yake, "Kama ilishika kidevu ndani, itasimama." Aliingia ndani akashona mpaka taa ikaisha mafuta. Kesho yake alikuja kwenye magunia saa ile ile.

Hadithi ya shingo yake alinisimulia mara moja tu. Mvua ilikuwa imemfungia, nami nilikuwa nimempelekea chumvi. Nilishika upande mmoja wa sare za kwaya, yeye upande wa pili, tukipiga pindo. Alianza kwa kichekesho, jinsi alivyokuwa mwembamba mpaka kocha wake akimtafuta nyuma ya putre, jinsi alivyoficha mhogo wa kukaanga ndani ya soksi. Tulicheka. Halafu akafika kwenye kushuka. Alipaswa aondoke juu ya putre akipinduka mara mbili hewani, atue, asalimie majaji. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, hata usingizini.

"Kule juu miguu ilifunguka. Kidogo tu. Kama mulango upepo inasukuma."

"Uliumia sana, Madamu?"

"Kuumia? Hapana. Nilikuwa nasubiri."

"Ulisubiri nini?"

"Kusikia miguu." Aliacha kushona. "Unatua, unasikia pa, unajua iko bien. Mi nilisubiri ile pa. Haikukuya. Nilikuwa nalala pale, natazama taa za juu, bantu banakimbia, na mi nasubiri tu nisikie miguu yangu. Mpaka leo sijaisikia. Nasikiliza ya batoto ya bantu."

Nilikuwa mtoto, na nilimpenda, na mtoto anayempenda mtu hajui mipaka. Nikamwambia: twende kwenye magunia, tutayapanga manne juu ya mengine, sisi wote tutakushika, wewe uanguke kidogo tu, polepole, usikie.

Uso wake ulibadilika. "Sheri," alisema, laini kabisa, "kamata ndoo yako, toka."

Nilitoka mbio. Nyuma yangu nilisikia cherehani ikianza kukimbia, ikakata uzi, na hakuitukana. Hatukuzungumza habari hiyo tena.

Miaka kumi ikapita, tukawa warefu, magunia yakaoza. Madamu alipata nafasi ya kushona kwenye baraza la duka moja kule Kawale, mjini Lilongwe, akahamia huko. Alipachagua kwa sababu moja tu, alikuwa akisema: kutoka chumbani mpaka cherehani ni sakafu ya saruji. Mimi nilikua, nikapata mchumba, na wakati ule ule redio ikawa inasema, kwa mara nyingine, kwamba wakubwa wa Kongo wametia saini na vita vimekwisha. Hatukujua tuamini lipi. Harusi angalau ilikuwa kitu cha kushikika, nikamwendea Madamu anishonee gauni.

Alilishona, akalifumua kwa sababu nililisifu, akalishona tena. Siku moja kabla ya harusi nilikwenda Kawale kumchukua yeye na gauni. Hakukubali mtu mwingine alishike, pindo bado lilikuwa na pini na alitaka kulimalizia Dzaleka nikiwa nimelivaa. Tukapanda gari mpaka Lumbadzi, mji mdogo njiani kwenda kambini, ambako pikapu ya kanisa ilikuwa inatusubiri kwenye kinu cha mahindi, upande wa pili wa soko, ikipakia soda za harusi.

Tuliposhuka, wingu lilikuwa limekaa juu ya Lumbadzi, jeusi. Ilikuwa imenyesha asubuhi, njia ya sokoni yote tope na madimbwi. Madamu alisimama ukingoni mwa lami, fimbo mbili mikononi, gauni limeviringwa ndani ya shuka kifuani. Kwa mwendo wake tungefika kinuni harusi imekwisha, na gauni jeupe limelowa.

"Nipe gauni nikimbie, Madamu. Wewe ujikinge dukani, tutakufuata na pikapu."

"Pini zitatoka. Na pikapu haiwezi pita humu." Akatazama wingu, kwa kuinama nyuma mwili mzima. Tone la kwanza lilimpiga usoni. Hapo vijana wawili wa kabaza walikuwa wameshatuzunguka, kengele kri-kri-kri.

Si mimi niliyemshawishi. Kwa jina la Mungu, wazo lilikuwa lake.

Madamu akamwuliza kijana wa kwanza, "Iko na breki?"

"Alipo, amayi, alipo!" kijana alijibu kwa Kichewa, kwamba zipo, akizipiga piga kwa furaha breki zisizoonekana.

Akanipa fimbo zake. Akakaa kwenye karia ubavu, kama malkia kwenye jiwe, gauni amelikumbatia kwa mikono miwili. "Polepole," akamwambia kijana kwa Kiswahili, na kijana akajibu "Zikomo!", yaani asante, akaondoka mbio. Nami nikapanda ya pili, nikafuata, fimbo mbili begani. Nilimwona mgongo wake ukienda mbele yangu, umenyooka kama msumari. Nilikuwa naomba kwa lugha zote nilizozijua. Tulipita nyanya, tukapita mitumba, tukafika kwa akina mama wanaouza usipa, vile visamaki vikavu. Na pale, katikati ya njia, akatoka mbuzi.

Kijana akakata kushoto. Breki, kumbe, hazikuwepo. Baiskeli ikaenda upande wake, na Madamu akaenda upande wa kwake, hewani, na shuka jeupe kifuani.

Nilifumba macho. Nilisema nitafungua nikisikia, na sikujua nasubiri kusikia nini.

Pa-pa.

Nikafumbua. Alikuwa amesimama. Kilemba hakipo, ubavu mzima mwekundu kwa tope, kiatu kimoja kimebaki kwenye dimbwi, visamaki viwili kwenye nywele. Mikono ilikuwa juu kabisa, na juu ya mikono gauni langu, shuka safi, halina hata tone. Kifua mbele. Na tabasamu, jamani, lile la kiingilio, aliwapelekea wale akina mama wa usipa kana kwamba kila mmoja wao ameshika kalamu ya alama. Mikono yake haikutangulia, maana ilikuwa imekumbatia gauni. Bega ndilo lililopita kwanza, kisha mgongo, kama alivyotuimbia.

Mama mmoja wa usipa akapiga makofi, wakafuata wote, na vigelegele. Kijana wa kabaza alikuwa amepiga magoti kwenye tope, "Pepani amayi, pepani!"

Mimi nilimkimbilia nikilia, nikamshika mabega, nikamshika shingo ile ya kuazima, nikamwuliza anahisi mikono, anahisi miguu, asitikisike, akae chini.

"Niache," alisema. Alikuwa anapumua kwa nguvu na machozi yalikuwa yanampita kwenye tope mpaka kidevuni, na bado hakuishusha mikono. "Ulisikia?"

"Nilisikia, Madamu."

"Hata mi. Mi nilisikia!" Akacheka, kicheko cha msichana ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Ilikuwa ngapi?"

Yeye alichukia kusifiwa, nami nilikuwa mwanafunzi wake.

"Mbili, Madamu."

"Mbili," alikubali. "Mubaya sana."

Akashusha mikono, akanikabidhi gauni, pini zote mahali pake, akaenda akichechemea mpaka kwenye kiatu chake bila fimbo. Kisha akageuka mzima mzima, akamwita kijana wa kabaza aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Simama, baba. Leta ile baiskeli. Turudie."